Fremu Chini ya Kitanda

Mama Zulfa tulimzika Jumamosi. Jioni yake, kwenye khitma, tulikaa chini ya turubai lililofungwa kutoka nguzo ya umeme hadi nondo za dirisha la duka la mapazia, na mtu mmoja wa makamo akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Kabla sijafungua mdomo, mzee aliyekaa kando yangu akanijibia. "Huyu walipanga nyumba moja, enzi zile za nyumba za udongo. Humjui? Ndiye yule kijana aliyembeba bibi yake." Yule mtu akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama ashikwavyo aliyerudi Makka. Nimeshikwa hivyo mara nyingi. Sifa hiyo ilinitangulia nilipoenda kuposa, ikanitetea nilipofukuzwa kazi kwa uzembe wangu mwenyewe, na imenipatia kiti kwenye mabaraza ambayo sikustahili hata kusimama mlangoni. Kila mara nimeinamisha kichwa kama mnyenyekevu, nikanyamaza. Katika watu wote wa nyumba ile, Mama Zulfa peke yake hakuwahi kunisifu, na nadhani ndiyo sababu nilimzika kwa uchungu kuliko ndugu.

Nyumba yenyewe haipo. Pale Mtaa wa Sikukuu pamesimama ghorofa la vioo vya buluu, chini wanauza makava ya simu na mabegi, na mahali palipokuwa uani petu ni stoo. Lakini nikifumba macho natembea humo bila kugonga kitu. Korido ndefu ya saruji iliyopasuka, vyumba vitatu kila upande, chetu cha mwisho kushoto, karibu na mlango wa uani. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ukipitisha mkono kwenye nondo uligusa chokaa yao. Jua halikuingia, joto tu. Kitanda cha Bibi kilikuwa cha chuma, kirefu miguu, nacho kilikula nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya jiko la mafuta ya taa, ndoo, sanduku na mkeka wangu. Nililala miguuni pake. Kifundoni mwa mkono wangu Bibi alifunga utepe uliochanwa kwenye kanga kuukuu, ncha ya pili akaishika kwa mkono wake mzima, na akitaka kwenda haja alivuta. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimesoma mito na milima ya dunia yote, na dunia yangu mwaka ule ilikuwa na urefu wa utepe ule.

Ulikuwa mwaka wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na foleni za sukari. Kiharusi kilimwangusha Bibi uani akipepeta mchele, mkono na mguu wa kushoto vikalegea, mdomo ukapinda. Shangazi Tatu, bintiye, alikuwa Kigamboni na mume ambaye naye hajiwezi. Nilibaki mimi. Asubuhi nilimwogesha, nikampika uji, nikamlisha, nikaenda foleni, mchana nikarudi kumgeuza, jioni nikafua. Wenzangu walipita barazani wakiita, "Shabani! Tunaenda Mnazi Mmoja kwenye mpira, njoo basi!" Niliwajibu kutoka koridoni kwamba naja, na wote tulijua siji. Kitu kimoja tu kilinifanya nivumilie. Nilikuwa nimepata nafasi ya mafunzo ya ufundi wa reli Tabora, ya kuanza masika yakiisha. Nilikuwa nikisikia honi ya treni kutoka upande wa Gerezani, na mwili ukinisisimka kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Ndipo akaja Sista Benadeta. Hakuwa mtawa, siku zile kila mwanamke aliyevaa sare ya hospitali tulimwita Sista. Alitoka kwenye zahanati ndogo iliyowapeleka watu wake majumbani, kuwafanyisha mazoezi ya viungo wazee na watoto ambao hawakuweza kufika. Alikuwa Mnyamwezi, na Bibi alikuwa Mzaramo, kwa hiyo walikuwa watani tangu babu zao, na Sista aliutumia utani ule kama fundi anavyotumia nyundo.

"Hodi humu! Wazaramo mmelala mpaka saa hizi? Ngoma ilikesha?"

Bibi, aliyekuwa hajasema neno tangu alfajiri, alifungua jicho. Maneno yalimtoka yakikokota. "Mnyamwezi... umekuja kubeba mizigo?"

"Nimekuja kukubeba wewe, lakini naona umejaa unga wa yanga wote wa mtaa huu. Inuka mwenyewe."

Mimi nilishtuka. Bibi akacheka upande mmoja wa uso, akainuka, kwa kujivuta na kuguna na kumtukana Sista kabila zima, mpaka akakaa ukingoni mwa kitanda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue. Sista aliweka kikombe cha maji kwenye stuli, upande ule uliolegea. Nikakiwahi nimpe. Akanipiga mkono.

"Usimpe. Kiweke, subiri, akifuate mwenyewe."

"Akimwaga?"

"Utapiga deki. Sakafu haiugui."

Alinitoa koridoni, akaniambia mambo waziwazi, na Mama Zulfa, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni pake, alikuwa shahidi. Mguu na mkono wa Bibi vilikuwa na uhai, ila vitakumbuka kazi zao kama vitapewa kazi sasa, miezi hii ya kwanza. Aoge mwenyewe, ajifunge kanga mwenyewe, achambue mboga hata kama ni kwa mkono mmoja. Zaidi ya yote, atembee mpaka chooni, ng'ambo ya ua, na kurudi. "Akiweza hilo masika hayajaisha, wewe panda treni uende kwetu. Asipoweza, mtafungwa humu wote wawili."

Mama Zulfa alidakia bila kuinua kichwa. "Mimi uji nitampikia, na nguo nitamfulia. Kumbeba ndiyo siwezi, mgongo ninao huu mmoja." Hivyo tukapatana. Safari yangu na choo cha Bibi vikawa kitu kimoja.

Sista aliingia nyumba ile kwa wagonjwa wawili. Wa pili alikuwa Zulfa, aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, kana kwamba zinataka kuongea zenyewe kwa zenyewe. Alikuwa ameshafungwa hogo la plasta mara kadhaa, nyayo zikanyooshwa kidogo kidogo, na sasa alivalishwa viatu vilivyoungwa kwa kipande cha chuma katikati ili zisirudi zilikotoka. Alilia. Jamani, mtoto yule alilia! Mchana kutwa nyumba nzima ilikula na kulala ndani ya kilio chake, na wanawake wa uani hawakumwacha mama yake apumue.

"Mwanamke umemfunga mwanao pingu, kaiba nini?"

"Mungu kamuumba hivyo, wewe unamkosoa?"

"Mfungue hata leo tu, tupumzike masikio."

Mama Zulfa alikuwa na tabia ya kufumbata mikono kifuani akiongea, kama mtu anayejizuia mwenyewe. "Nikimfungua leo, kesho utambeba wewe? Keshokutwa? Utakuja kumtafutia mume?" Wakaguna, wakamwita roho ngumu, mama wa jiwe. Usiku nilimsikia kupitia ukutani akimbembeleza mtoto naye mwenyewe akilia, lakini asubuhi vile viatu vilikuwa miguuni.

Kwa Bibi, Sista alichongesha fremu ya kutembelea kwa mafundi wa Gerezani, ya mabomba ya maji, miguu minne, chini imevishwa mpira wa tairi. Bibi aliitazama siku nzima kama mgeni asiyealikwa. Jioni akasema, "Mume wangu," maana ndivyo alivyoniita, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao, "mlete huyo punda." Tangu hapo ikawa Punda. Akajifunza kusimama naye, kisha kumsukuma mbele na kumfuata. Akafika mlangoni. Wiki iliyofuata akafika koridoni, akakaa kwenye stuli kwa Mama Zulfa, akachambua mchicha, majani mengi yakaanguka, wakacheka. Nikaanza kuzikunja nguo zangu vizuri.

Sasa nieleze kilichotokea, na wasomaji waliolelewa kama mimi watanielewa hata kama hawatanisamehe. Kwetu mgonjwa hafanyi kitu. Mtu mzima akiugua, heshima yake ni kulala akahudumiwa. Na wageni wanaokuja kumpa pole hawaji kumtazama yeye tu, wanakuja kuona anatunzwaje. Wanatazama shuka. Wananusa. Wakirudi kwao wana la kusema. Alasiri moja Shangazi Tatu alivuka bahari kwa pantoni, akaingia na mfuko wa machungwa, akamkuta mama yake uani kwenye kigoda, anafua kanga yake kwa mkono mmoja, povu mpaka kwenye mashavu, na mimi mjukuu nimekaa kizingitini nimepakata mikono, kama nilivyoagizwa.

"Subhanallah!" Shangazi alipaza sauti, beseni likamtoka Bibi mkononi. "Shabani! Mama yangu kazaa, kalea, kamlea baba yako, kakulea na wewe, leo anakufulia?"

"Kanga ni yake mwenyewe, Shangazi. Ni mazoezi. Sista kasema—"

"Sista ana bibi hapa? Watu wakipita watasema nini? Kwamba Tatu kamtupa mama yake kwa kijana anayemfanya boi?" Akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Nililiona hilo, na ndilo lililonimaliza. Bibi alisema, "Tatu, niache," lakini maneno yake yalikokota, na kilio cha Shangazi kiliyafunika kabla hajayamaliza. Nikainuka, nikachukua beseni.

Siku ile Punda aliingia chini ya kitanda. Nilijiambia ni kwa ajili ya Shangazi tu. Kisha wakaja jamaa wa Buguruni, nikamsukumia tena mvunguni. Wakaja majirani wa zamani, wakaja wenzake wa madrasa, na wageni wa Kariakoo hawaarifu kuwa wanakuja, unawasikia wameshafika koridoni. Ikawa rahisi kumwacha Punda hukohuko. Nilimlaza Bibi mapema, nikamtandika shuka safi, nikamvuta kanga mpaka kidevuni. Wageni wakasema mashallah. Na sitasema uongo: sikuifanya kwa aibu peke yake. Kumngoja Bibi afike chooni ilikuwa kazi ya kuvunja moyo, anasogea, anatweta, anasimama, anatukana. Kumbeba ilikuwa mara moja, nami nikawa huru kurudi foleni. Nilidhani naokoa muda. Tena nilipombeba kupita uani wanawake waliacha kutwanga, wakasema, "Mtoto ana radhi huyu." Nilikuwa nimeishi miezi bila kutazamwa na mtu. Nilipenda kutazamwa.

Sista alikuja, akainama, akamvuta Punda, akapitisha kidole kwenye bomba. Kilitoka na vumbi. "Huyu hajatoka kitambo."

"Anachoka siku hizi," nikasema. Bibi alikuwa ananitazama. Angeweza kunisuta, mdomo ulikuwa umeanza kunyooka. Akageuza uso ukutani. Sista alimfanyisha mazoezi bila utani hata mmoja, na akiondoka aliniambia pale mlangoni, "Masika yanaisha, mdogo wangu." Nikajibu ninajua.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imekatika asubuhi. Nilitoka foleni na kifurushi cha sukari, na barazani nikakutana na Shangazi Tatu anaingia pamoja na wanawake wawili wa Kigamboni. Tukaingia pamoja, mimi mbele. Korido ilikuwa kimya, hata Zulfa halii. Chumba chetu kilikuwa wazi na kitanda kitupu. Nikatazama uani.

Bibi alikuwa amesimama katikati ya ua. Alikuwa amejifunga kanga mwenyewe, imekaa upande. Alimshika Punda kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiegemea tu, na sakafu ilikuwa bado na maji ya mvua. Nyuma yake kulikuwa na mchirizi wa matope kuanzia mlangoni, maana mguu wake aliuburuta. Wapangaji wote walikuwa wametoka. Mama mmoja aliinua mguu amfuate, na Mama Zulfa, mtoto na viatu vyake vya chuma mgongoni, alikuwa amefumbata mikono, akasema bila kupaza sauti:

"Asimguse mtu."

Bibi akamsukuma Punda. Akamfuata. Akatulia. Mlango wa choo, wa bati, ulikuwa mbele yake kwa umbali uleule wa mlango wetu nyuma yake. Hapana, ulikuwa karibu zaidi. Akamsukuma tena, mpira mmoja ukateleza kidogo kwenye maji, akayumba, akashika. Hakuanguka. Ningependa kuandika kwamba alikuwa anaanguka.

Nyuma yangu nikasikia, "Yallah! Ndivyo mnavyomtunza?" Ilikuwa sauti ya mmoja wa wale wageni, na Shangazi akanisukuma begani. Sukari ilinitoka. Nilikimbia, nikampita Mama Zulfa, nikapitisha mkono mmoja mgongoni mwa Bibi na mwingine magotini, nikamnyanyua. Punda alianguka kwa kishindo. Nikageuka naye mbele ya watu wote, nikamrudisha ndani, na wanawake wa Kigamboni wakapiga vigelegele kidogo vya machozi, na mmoja akasema lile neno ambalo ndilo limenifuata mpaka chini ya turubai la Jumamosi: "Tazameni kijana anavyombeba bibi yake."

Bibi hakupigana nami. Alikuwa mwepesi. Kichwa chake kilikuwa shingoni mwangu, na alisema taratibu, kila neno likiwa limenyooka, "Nilikuwa nafika."

Hakusimama tena. Sista alijaribu, kwa utani, na bila utani, na mara moja kwa hasira, lakini Bibi alimjibu tu, "Mnyamwezi, mizigo imekwisha." Nilimwokota Punda uani, nikamweka wazi mbele ya kitanda, wageni waje wasije. Alimtazama kama anavyotazamwa mnyama wa mtu mwingine. Kilichoniuma zaidi kilikuwa ule utepe. Tuliufunga kama kawaida, kwangu na kwake, nami nilikuwa nikiamka alfajiri na kukuta haukuvutwa na shuka zimeloa. Hakutaka kuniita. Treni ya Tabora niliisikia ikiondoka na wale waliokuwa wakienda. Niliendelea kumbeba, kwenda kuoga na kurudi kulala, kwa miaka, mpaka siku tuliyombeba watu wengi kwa zamu. Sikumwonea uchungu wa kunifunga. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe, kwa mikono hiihii, watu wakinipigia vigelegele.

Sasa ni zamu yangu. Nyonga imeniharibikia tangu nilipoanguka bafuni. Mke wa mwanangu ni mtu mwema, na wema wake unanitisha: ndoo ananipokonya, kikombe ananishikia, ananitilia viatu miguuni. "Kaa tu, baba." Nakaa. Natazama ukuta. Sijamwambia, kwa sababu itanibidi kwanza nimweleze kwa nini watu wananisifu.

Jumamosi, khitma ilipokwisha na sahani kukusanywa, Zulfa aliteremka ngazi za ghorofa lao kuja kutuaga wazee. Ni mwanamke mzima, mjane, mnene kiasi, na anatembea. Nilizitazama nyayo zake kwenye ndara, zimetazama mbele zote mbili.

"Shikamoo, baba Shabani."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akupe subira."

Akachuchumaa mbele yangu. "Mama alikuwa akikutaja."

Nikamwuliza alichosema. Nimeliogopa jibu hilo maisha yangu yote.

"Alisema Bibi ndiye aliyemwomba amtolee ile fremu mvunguni. Alimwambia, masika yameisha, nataka mume wangu aende Tabora."

Magari ya mizigo yalikuwa yanapiga honi yapishwe, vijana wakaanza kufungua kamba za turubai, na wawili kati yao wakaniona bado nimekaa mkekani, fimbo yangu iko mbali. Wakanijia haraka, vijana wazuri, mikono imeshanyooshwa. "Mzee, tulia, tunakubeba fasta."

Zulfa alisimama. Akafumbata mikono kifuani.

"Asimguse mtu," akasema.

Wakaganda. Mmoja akanong'ona, "Dada, lakini ni mzee," naye akabaki na mikono ileile kifuani. Nikageukia ubavu, nikaweka goti, nikashika stuli ya plastiki iliyokuwa karibu, ikateleza, nikaishika tena. Mtu fulani nyuma yangu akasema si vizuri, mtu mzima kuachwa hivyo mbele za watu. Nyonga iliniwaka. Nilipofika juu sikumtazama yeyote. Viatu vyangu vilikuwa kule ukingoni mwa mkeka, nikavifuata.